Fundi Punguza na Mashine Isiyoonyesha

Kaeni, wapendwa, kaeni. Walio karibu na madirisha wayafunge, maana mvua hii ikiongezeka juu ya bati mtabaki mnaniangalia midomo tu.

Leo sina mkulima. Najua mmezoea: nikipanda hapa nawapa mkulima, na tukitoka nje mnanisahihisha, "Mchungaji, viazi havipandwi hivyo." Sawa. Leo nawapa kompyuta, tuone nani atanisahihisha.

Kulikuwa na fundi mmoja wa kompyuta, katika mji mdogo wa milimani kama huu wetu, mahali ambapo makoti hayapumziki mwaka mzima. Jina lake la ubatizo ni Ambakisye, ila aliyelitumia ni mama yake peke yake. Wengine wote walimwita Fundi Punguza. Na jina hilo alilipata kwa haki, kwa sababu kazi aliyoipenda kuliko chakula ilikuwa kuichukua kompyuta nzito, iliyochoka, na kuipunguza.

Mnaelewa kompyuta inavyochoka? Siku inanunuliwa ni nyepesi. Halafu kila anayeigusa anaiachia kitu. Huyu anaweka mchezo wa karata. Yule anaweka kalenda, mwingine naye haioni hiyo kalenda, anaweka ya kwake. Anakuja mjanja mmoja anaiwekea mlinzi wa virusi, anakuja mjanja wa pili anaweka mlinzi wake, na wale walinzi wawili wanashinda humo ndani wakikamatana wao kwa wao. Vyote hivyo vinaamka kila mashine inapowashwa, vinagombania nafasi. Wewe unabonyeza, unakwenda kuchota maji, unarudi, kiduara bado kinazunguka.

Sasa Fundi Punguza alikuwa na namna yake ya kufanya kazi, hamtaiona kwa fundi mwingine. Aliwakusanya wote wanaoitumia mashine, akafungua orodha ya kila kilichomo, akaanza kusoma kimoja kimoja kwa sauti ya mnadani. "Hiki cha nani? Mara ya kwanza... mara ya pili... mara ya tatu!" Mwenye nacho akijitokeza, kinabaki. Wakinyamaza wote, kidole kinashuka, kitu kimekwenda na maji. Na mtu akija kulalamika kesho yake, fundi alikuwa na jibu moja tu, analitoa huku anacheka: "Asiyekuwepo na lake halipo."

Methali tamu hiyo, eti? Naona hata humu ndani mnatikisa vichwa kukubali. Tikiseni tu. Tutafika.

Ijumaa moja asubuhi fundi aliitwa kwenye shule ya sekondari. Shule ilikuwa na walimu kumi na wanane na kompyuta ya mezani moja, na ilikuwa wiki ya kuchapa mitihani ya muhula. Kuiwasha tu ile mashine ilikuwa dakika kumi na moja. Mwalimu wa Hisabati alizipima. Walimu walikuwa wanapanga foleni kama watu wa zahanati, na wengine walishaanza kusemeana maneno mabaya, watu wazima na shahada zao.

Fundi akaingia saa nne, saa ya chai. Ofisi ya walimu imejaa, vikombe vinatoa moshi, sahani ya magimbi ya moto iko katikati ya meza. Akavuta kiti, akakunja mikono ya koti, akaanza.

"Kuna programu ya kutengeneza kadi za harusi. Ya nani?"

Kimya. Mwalimu mmoja wa kike akatazama chini. Kamati zake za harusi zilijulikana kata nzima, lakini mkuu wa shule alikuwa amesimama mlangoni.

"Mara ya tatu! Imekwenda. Kuna hali ya hewa ya miji tisa ya Ulaya. Ya nani?"

"Ya mtu mwenye pasipoti," mwalimu wa taaluma akasema, wakaangua kicheko. Ikaenda.

"Kuna vifaa vya printa ambayo siioni hapa."

"Hiyo ilikufa zamani, fundi. Hata matanga tulishaanua."

Ikaenda. Nyota zilizokuwa zinaufuata mshale wa kwenye kioo zikaenda. Walinzi wawili waliokuwa wanakamatana, akamfukuza mmoja, akamwacha mmoja. Mchezo wa karata ulipofika, mwalimu wa taaluma akakohoa mara mbili kama mtu anayetaka kuzungumza, akaghairi. Jamani, kulikuwa na raha ofisini humo! Kila kidole kikishuka watu wanapiga makofi.

Ndipo akafika kwenye kitu kimoja kizito kuliko vingine. "Hiki ni cha kuzungumza," akasema. "Kinasoma kwa sauti kila kinachoandikwa. Kinakula nafasi kama fisi. Cha nani?"

"Aah, kile kisauti cha puani!" mmoja akasema. "Kinatupigia kelele humu wiki nzima."

"Mara ya kwanza."

Mwalimu wa Jiografia alikuwa anajua ni cha nani. Anajua kabisa! Lakini mdomoni alikuwa na kipande cha gimbi la moto, linamchoma, anakihamisha shavu hili kwenda lile. Akawaza, nikimeza nitasema.

"Mara ya pili. Mara ya tatu!"

Kidole kikashuka. Mwalimu wa Jiografia akameza. Akaona sasa mambo yameshakwisha, akisema ataonekana mkorofi, akachukua kipande kingine.

Fundi akaizima mashine, akaiwasha, wote wakahesabu kwa pamoja kama watoto. Sekunde tisa! Toka dakika kumi na moja mpaka sekunde tisa. Mwalimu wa Hisabati alimkumbatia fundi mbele za watu. Na fundi akajisikia, ndugu zangu, akajisikia hasa. Akatafuta sentensi ya kufungia kazi, akasema, "Mwenye macho haambiwi tazama." Wakacheka, wakamjazia kikombe.

Wakati bado wanacheka, mlango ukafunguliwa, akaingia mwalimu wa Historia, Mwalimu Atuganile, ametoka darasani. Mama wa miaka hamsini na kitu, sweta la kijani, na mkononi fimbo nyeupe. Alikuwa haoni tangu utotoni. Na sasa niwaambie jambo ambalo fundi alikuwa halijui. Aliyemwendea mkuu wa shule mara tatu kuomba fundi aitwe ni huyu mama. Maana ule uzito wa mashine uliwachelewesha wenzake, lakini yeye ulimnyima kazi kabisa. Akibonyeza herufi, ile sauti ilikuwa inamtajia baada ya yeye kubonyeza nyingine sita. Jaribu kuzungumza na mtu anayekujibu swali la juzi!

Akapapasa kiti, akaketi, akaweka vidole kwenye kibodi. Akabonyeza. Akasubiri kidogo. Akabonyeza tena, mara ya tatu.

"Fundi, umeiwasha?"

"Imewaka, mwalimu!" fundi akasema, bado ana kicheko mdomoni. "Sekunde tisa tu!"

"Mbona haisemi?"

"Isemeje, mwalimu?"

Akaiona fimbo. Kicheko kikamkauka. Ofisi nzima ikawa inatazama magimbi.

"Niliuliza, mama," akasema. "Haki ya Mungu niliuliza. Kila kitu niliuliza mara tatu."

"Uliwauliza kina nani, mwanangu?"

"Waliokuwepo."

"Waliokuwepo wana macho," mama akasema. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Sasa msidhani kilichopotea ni sauti tu. Muhula uliopita Mwalimu Atuganile alimsomea mtu mtihani wake ili amchapie. Yule mchapaji akawa na mpwa wake Kidato cha Nne. Mnajua kilichotokea. Darasa zima lilikuja na majibu viganjani, mtihani ukafutwa, na lawama ikamwangukia aliyetunga, si aliyechapa. Mkuu wa shule alimwambia wazi: "Mwalimu, safari hii mtihani ufike mezani kwangu Jumatatu saa nne, umechapwa, na haujaonwa na mtu. Usipofika hivyo, Kidato cha Nne nampa mwingine." Na darasa lile alikuwa amelilea tangu Kidato cha Kwanza. Anawajua wanafunzi arobaini na mbili kwa miguu yao wanavyotembea. Ndilo lililokuwa mezani siku ile, wapendwa: miaka minne ya kazi ya mama, na siku tatu.

Fundi akasema, "Nairudisha sasa hivi." Programu yenyewe ni ya bure, akaishusha kwa simu yake, akairudisha. Kisauti cha puani kikaamka, "Karibu." Mama akatabasamu. Lakini mashine ikarudi kuwa nzito. Si dakika kumi na moja, hapana, ila zile sekunde tisa ziliyeyuka, na sauti bado inajikwaa. Mwalimu wa taaluma akaweka kikombe chini, akasema lile neno ambalo wengi walikuwa nalo rohoni.

"Jamani, tusemane ukweli. Mtu mmoja atucheleweshe watu kumi na saba?"

Ngoja nisimame hapo. Msimrukie mwalimu wa taaluma. Hesabu yake ni sahihi: kumi na saba ni wengi kuliko mmoja. Wewe ungemjibu nini? Mimi nimelala na swali hilo wiki nzima.

Fundi akamgeukia mkuu wa shule. "Mkuu, hakuna mashine nyingine yoyote? Hata mbovu?"

"Iko moja stoo. Ilipigwa na radi mwaka juzi. Inanguruma ukiiwasha, lakini tundu la kuchomekea kioo limekufa. Haionyeshi kitu. Tunangoja kibali cha kuitupa."

Mwalimu Atuganile akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika meza.

"Haionyeshi?" akasema. "Mkuu wangu, ubovu wake ni huo tu? Mimi mwenyewe sioni. Nileteeni, tumefanana!"

Jumamosi asubuhi wakakutana, fundi na mama, ofisini hamna mtu mwingine. Fundi alifungua kasha la ile mashine ya stoo, akatoa diski yake, akaichomeka kwenye mashine nzima ili aweze kuona anachokitengeneza. Akaanza kupunguza kama alivyozoea, mpaka akafika mwisho wa orodha yake. Akasema, "Basi, mama. Hapa ni mfupa. Hakuna cha kutoa tena."

"Humo kwenye kioo kumebaki nini?" mama akauliza.

"Vitu vya kawaida. Ile picha ya nyuma, ya mlima. Vidude vya kubonyeza. Madirisha yanayofunguka. Mshale."

"Mimi vinanisaidia nini hivyo?"

"Mama, hivyo ndiyo kompyuta yenyewe."

"Ya nani?"

Fundi akaondoa mkono kwenye kipanya. Miaka kumi na minne alikuwa anajiita Punguza, na miaka yote hiyo kulikuwa na mzigo mkubwa kuliko mizigo yote ambao hakuwahi kuusoma kwa sauti hata mara moja, kwa sababu ulikuwa wake mwenyewe. Ulikuwa mzigo wa macho. Mlima, rangi, madirisha, mshale, vyote vinaamka kila siku kumfurahisha mtu anayetazama. Alikuwa hajui kama ni mzigo. Alidhani ndiyo mashine.

Akaushusha. Akatoa mlima, akatoa madirisha, akatoa vidude, akachomoa na waya wa kipanya akauweka mfukoni. Kikabaki kiini kinachoamsha mashine, mahali pa kuandika, mahali pa kuhifadhi, njia ya kwenda kwenye printa ya ofisi, na sauti. Basi. Kile kisauti, kilichoitwa mzigo wa kwanza kwenye mashine ya wenzake, hapa ndicho kilichobaki kimesimama. Akairudisha diski kwenye kasha la stoo, akabonyeza. Sekunde sita.

"Karibu," ile mashine ikasema, haina hata kioo mbele yake.

Fundi akataka kuijaribu mwenyewe. Akaweka mikono, akaduwaa. Pasipo kioo cha kumwambia amebonyeza nini, alipotea kama mgeni sokoni. Mama akamshika kidole cha shahada, akakiweka kwenye herufi fulani. "Papasa."

"Kuna kinundu!"

"Kipo kwenye F na kingine kwenye J. Vimewekwa ili mkono ujue uko nyumbani. Hujawahi kuvigusa?"

"Nimevigusa kila siku, mama. Sikuwahi kuvijua."

Alisema hivyo machozi yakimlengalenga, na hakuona haya. Mama akamwambia, "Ndaga fijo, mwanangu," asante sana, kisha akavaa hedifoni, akamfukuza. Ndiyo, alimfukuza! Mtihani haukuwa wa mtu kuusikia.

Jumatatu saa tatu kasorobo karatasi zilikuwa mezani kwa mkuu. Wa kwanza katika walimu kumi na wanane. Mkuu akazipitia, akatafuta kosa, akalikosa.

"Amekuchapia nani, mwalimu?"

"Hii mikono."

Mkuu hakuamini. Akamfuata mpaka ofisini, akamkuta ameketi mbele ya ukuta mtupu anaandika, vidole vinakwenda kama mvua ya Machi. Akamzunguka kulia, akamzunguka kushoto. Akainama nyuma ya bega lake.

"Lakini unaandika wapi? Mimi hapa sioni kitu!"

"Ndiyo, mkuu," mama akasema. "Huoni. Na mchapaji haoni, na mpwa wake haoni. Si ulisema usionwe na mtu?"

Mnalipata hilo? Shule nzima ilikuwa imekaa vikao vinne kutafuta namna ya kuzuia mitihani isichunguliwe. Makufuli, mapazia, walinzi. Na mashine pekee wilayani ambayo hakuna binadamu angeweza kuichungulia ilikuwa stoo, inangoja kibali cha kutupwa. Kabla ya kengele ya saa nne, mwalimu wa taaluma, yule wa hesabu ya kumi na saba, alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mama, kofia mkononi. "Mwalimu, samahani. Na wangu naomba nikusomee, unichapie hapo." Mtu mmoja aliyekuwa anawachelewesha kumi na saba! Kufikia Jumatano foleni ilikuwa kwake.

Kidato cha Nne kilibaki mikononi mwa mama. Na Fundi Punguza bado anapunguza, hajaacha, kazi ni ileile. Ila sasa akishawakusanya watu, kabla hajasoma hata kitu kimoja, anafunga mdomo, anazungusha macho chumbani, anauliza, "Nani hayupo?" Halafu anakaa kusubiri jibu. Watu wanakereka. Wanamwambia, fundi, tuna haraka. Anasubiri.

Ndugu zangu, sasa ni zamu yetu.

Kupunguza ni kuzuri. Msinielewe vibaya. Nimewahubiria mimi mwenyewe hapahapa kwamba maisha yetu yamejaa vitu visivyo na mwenyewe, na roho zetu zinachukua dakika kumi na moja kuwaka. Punguzeni. Lakini nawauliza: tunapopunguza nyumbani, huwa tunaanza na cha nani? Sukari imepanda, je, unapunguza soda yako au uji wa mgonjwa? Kijana wa kaka yako anakula sana. Unahesabu sahani yake, yako unaihesabu? Kila mmoja wetu ana mlima wake kwenye kioo, na tunauita kawaida. Cha mwenzangu ni mzigo, changu ni mashine yenyewe.

Na ile methali mliyoitikisia vichwa. Asiyekuwepo na lake halipo. Inafaa sokoni. Inafaa hata kwenye sahani ya nyama, aliyechelewa na ajilaumu. Humu ndani haifai. Mungu tunayemwabudu angeifuata hiyo methali, nani kati yetu angekuwa na lake? Sisi tulikuwepo lini?

Nyinyi mnaocheka kuhusu gimbi, mimi sicheki. Mtu hahitaji kuwa mbaya ili amnyime mwenzake sauti. Inatosha kuchelewa kumeza.

Sasa nawaambia kwa nini nimelala na swali la mwalimu wa taaluma. Mwezi uliopita baraza la wazee lilikaa. Ibada zetu ni ndefu, mmelalamika, na mlikuwa na haki. Tukafungua orodha. Tukasoma kimoja kimoja. Matangazo, ya nani? Tukayafupisha. Kwaya ya nne, tukaitoa. Halafu tukafika kwenye mahubiri kurudiwa kwa lugha ya nyumbani. Dakika ishirini kila Jumapili! Nani anayahitaji, sote tunajua Kiswahili? Tukanyamaza, tukayaondoa marudio hayo. Watu tisa tulinyoosha mikono. Mkono wa tisa ni huu hapa mnaouona.

Hatukuuliza nani hayupo.

Wapo mabibi zetu viti vya nyuma. Wamekuja na mvua hii, wengine kwa magongo, wamekaa Jumapili nne wanatutazama tukicheka wasijue tunacheka nini. Leo pia mmecheka sana, nimewaona wakitabasamu kwa kufuata nyuso zenu. Hakuna hata bibi mmoja aliyekuja kunilalamikia. Wamezoea kutolewa.

Naujua wali ulioachwa jikoni. Najua kuna mwenye mgeni nyumbani. Mwenye dharura aende na amani, sitamtazama vibaya. Wengine naomba mkae, na kama mna nguvu, inukeni mkawashike mabibi mkono, wahamie viti hivi vya mbele, nyinyi mrudi kule nyuma. Taratibu. Msiwaharakishe.

Bibi zangu, nisameheni. Nimesema saa nzima na sijasema nanyi. Nyinyi ndio mlionifundisha kuomba kabla sijajua Kiswahili ni nini. Kaeni hapa karibu. Mhubiri bado hajamaliza; ndiyo kwanza anaanza. Kulikuwa na fundi mmoja, na safari hii naisimulia kwa lugha yenu.